Dmitri Mendeleev, Mwalimu Aliyepanga Elementi



Jumamosi moja ya mwezi uliopita nilishuka Feri kutafuta samaki wa Jumapili. Nilikuta kelele. Mama mmoja alikuwa amenunua nguru, kilo mbili kwa mizani ya muuzaji. Akampeleka kwa muuzaji wa jirani ili apimwe tena, na mizani ya pili ikasema kilo moja na robo tatu. Basi hapo watu wakagawanyika. Wengine walisema mizani ya kwanza ina kutu, wengine wakasema ya pili ndiyo mbovu, na kijana mmoja mwenye kupaa samaki akasema zote mbili ni mbovu, ukweli anaujua nguru mwenyewe. Nikacheka, nikanunua vibua wangu kwa fungu, nikapanda daladala. Lakini njia nzima nilikuwa nikimfikiria mtu mmoja wa Urusi, aliyefariki zamani, ambaye nusu ya maisha yake ilikuwa ugomvi wa namna hiyo hiyo: ni lini tuiamini mizani, na ni lini tuseme mizani imekosea?

Mtu huyo ni Dmitri Mendeleev. Waliosoma sekondari watalikumbuka jina lake. Lile jedwali kubwa la elementi linaloning'inia katika ukuta wa maabara ni kazi ya mikono yake. Mhariri wetu aliniomba niandike maisha ya mtu mmoja wa elimu, nami nimemchagua huyu kwa sababu nina deni.

Deni lenyewe ni hili. Katika miaka ya themanini, nilipokuwa kijana niliyetoka chuo cha ualimu, nilifundisha kemia kidato cha tatu. Nikawaeleza wanafunzi kwamba elementi zimepangwa kwa namba ya atomi, yaani hesabu ya protoni katika kiini. Mvulana mmoja wa nyuma akanyosha mkono. Alikuwa ametazama jedwali la ukutani, akaona kwamba teluriamu yenye uzani wa 127.6 imetangulia, na iodini yenye uzani wa 126.9 imefuata nyuma yake. Akauliza: huyo Mrusi wa mwaka 1869 hakujua protoni wala namba ya atomi, alikuwa na mizani tu, sasa aliwezaje kuziweka sawasawa wakati mizani ilimwambia vingine? Sikujua jibu. Badala ya kukiri, nilimwambia akae chini anakili yaliyo ubaoni, kwa kuwa mtihani hauulizi mambo hayo. Akakaa. Hakuuliza tena hata siku moja mpaka alipomaliza kidato cha nne.

Mendeleev alizaliwa tarehe 8 Februari 1834 katika mji wa Tobolsk, huko Siberia, nchi ya baridi kali. Alikuwa mtoto wa mwisho katika nyumba yenye watoto zaidi ya kumi. Babu yake mzaa baba alikuwa padre wa Kanisa la Kiorthodoksi, na baba yake, Ivan, alikuwa mwalimu mkuu. Mwaka ule ule aliozaliwa Dmitri, baba akapofuka macho, akaacha kazi. Mzigo wote wa nyumba ukamwangukia mama, Maria. Ukoo wa mama ulikuwa na kiwanda cha vioo katika kijiji cha jirani, naye akashika usimamizi wake, akalea watoto, akamtunza mume kipofu. Dmitri alikulia pembeni ya tanuri, akitazama mchanga ukiyeyuka na kuwa chupa.

Mwaka 1847 baba akafa. Mwaka 1848 kiwanda kikaungua moto. Wengi wangekata tamaa hapo. Lakini mama yule alikuwa ameona akili ya kitinda mimba wake, na mwaka 1849 akafungasha alichobaki nacho, akamchukua Dmitri na dada yake mmoja, wakaanza safari ya kwenda Moscow kumtafutia mtoto chuo. Umbali wake ni zaidi ya kilometa 2,000, kama mtu atoke hapa Dar es Salaam kwa reli mpaka Kigoma, kisha ageuke arudi mpaka Dodoma, ila wao hawakuwa na reli. Walipofika, Chuo Kikuu cha Moscow kikamkataa, kwa kuwa sheria ilitaka vijana wa Siberia wasome katika wilaya yao. Mama hakurudi nyumbani. Akaendelea mpaka St. Petersburg, na huko, mwaka 1850, rafiki mmoja wa marehemu mumewe akawasaidia. Dmitri akapokewa.

Alipokewa wapi? Hapa mtaniruhusu nijivune kidogo. Hakupokewa chuo kikuu. Alipokewa chuo cha ualimu, kile kile alichosoma baba yake. Huyu bwana anayetajwa pamoja na wakubwa wote wa sayansi alikuwa mwalimu wa kusomea, kama sisi.

Mwaka haukwisha, mama akafariki. Alikuwa amemfikisha mwanawe mlangoni, basi. Miaka mingi baadaye Mendeleev alimtolea mama yake kitabu chake kimoja cha sayansi, akaeleza kwamba yeye ndiye aliyemfundisha kwa mfano. Dada naye akafa kwa kifua kikuu. Dmitri mwenyewe akaanza kutema damu, akalazwa, na waganga wa chuo wakamkatia tamaa. Alisomea kitandani. Mwaka 1855 akamaliza akiwa wa kwanza, akapewa nishani ya dhahabu.

Akatumwa kufundisha Simferopol, upande wa kusini, kwenye jua, kwa ajili ya kifua chake. Lakini vita vya Crimea vilikuwa vimepamba moto na shule ilikuwa imefungwa. Huko akamwendea daktari mpasuaji mashuhuri, Pirogov, akapimwa. Daktari akamwambia kwamba ugonjwa wake si wa kumwua. Kweli, mgonjwa aliishi miaka 25 zaidi ya daktari. Akafundisha muda mfupi katika mji wa Odessa, kisha akarudi St. Petersburg kuendelea na masomo, na kati ya mwaka 1859 na 1861 akapelekwa Heidelberg, Ujerumani.

Mwezi wa Septemba 1860 wakemia wa Ulaya walikutana katika mji wa Karlsruhe. Shida iliyowakutanisha ilikuwa shida ya uzani, nami nitaieleza kwa samaki, maana ndiyo njia nyepesi.

Atomi ni ndogo mno. Hakuna mizani ya zamani iliyoweza kupima moja peke yake. Kilichowezekana ni kupima rundo. Sasa fikiri umekuta Feri mafungu mengi yaliyofungwa, usiyoweza kuyahesabu, kila fungu lina vibua na kolekole. Unayafungua yote, unapima: vibua wote kilo 1, kolekole wote kilo 8. Je, kolekole mmoja ni mzito mara ngapi kuliko kibua mmoja? Ukidhani kila fungu lilikuwa na kibua mmoja na kolekole mmoja, utajibu mara 8. Lakini ikiwa kila fungu lilikuwa na vibua wawili na kolekole mmoja, jibu ni mara 16. Mizani haina kosa katika majibu yote mawili. Kosa liko katika hesabu ya fungu. Maji ndiyo hivyo hivyo: haidrojeni sehemu 1 kwa uzito, oksijeni sehemu 8. Wengine waliandika uzani wa oksijeni kuwa 8, wengine 16, na kila nchi ikawa na vitabu vyake. Pale Karlsruhe, Mwitalia mmoja, Stanislao Cannizzaro, alieleza jinsi ya kuhesabu fungu kwa njia ya gesi, na kijitabu chake kikagawiwa kwa wajumbe. Maji yana haidrojeni mbili kwa oksijeni moja. Oksijeni ni 16. Mendeleev alikuwa kijana wa miaka 26 akisikiliza. Tangu hapo alikuwa na orodha ya uzani aliyoweza kuitegemea.

Alirudi nyumbani, akaoa, akafundisha, na mwaka 1867 akawa profesa wa kemia katika Chuo Kikuu cha St. Petersburg. Akaona hakuna kitabu cha Kirusi cha kufaa wanafunzi wake. Basi akaanza kukiandika mwenyewe. Kila mwalimu aliyewahi kuandaa somo atajua kilichompata. Juzuu ya kwanza alieleza kwa kirefu elementi chache zilizo za kawaida, akafurahi, akaandika kurasa nyingi. Halafu akagundua kwamba elementi zilizojulikana ni 63, na zaidi ya hamsini bado hajazigusa. Atazipangaje katika juzuu moja iliyobaki? Kwa herufi, kama kamusi? Mwanafunzi asingeelewa kitu.

Alijua, kama wenzake walivyojua, kwamba elementi zina koo zake. Sodiamu iliyomo katika chumvi na potasiamu iliyomo katika majivu ya jikoni ni ndugu: zote ni metali laini, zote huwaka zikitiwa majini. Klorini, bromini na iodini ni ndugu wa ukoo mwingine. Lakini koo hizi zinahusianaje? Inasimuliwa kwamba aliandika kila elementi katika kikadi, jina, tabia na uzani wake, akawa anavipanga mezani kama mtu anayecheza karata peke yake. Tarehe 1 Machi 1869 (kwa kalenda ya Urusi ya wakati ule ilikuwa 17 Februari) alitakiwa asafiri kwenda kukagua viwanda vya jibini vya ushirika. Hakwenda siku ile. Nyuma ya barua iliyohusu safari ya jibini alianza kuandika uzani wa ukoo mmoja chini ya uzani wa ukoo mwingine, na jambo likaanza kuonekana.

Sisi wa pwani tungeliona upesi. Mvuvi wa Feri anajua kwamba siku zinakwenda mbele moja baada ya nyingine, hazirudi. Lakini bamvua hurudi. Maji hujaa sana, yanapungua, yanakuwa maji mafu, na baada ya wiki mbili bamvua tena. Elementi ndivyo zilivyo. Ukizipanga kwa uzani, kutoka nyepesi kwenda nzito, uzani unakwenda mbele tu. Lakini tabia zinarudi. Lithiamu ina uzani wa 7. Unapita elementi kadhaa, unafika sodiamu, 23, na tabia ya lithiamu imerudi. Unapita nyingine, unafika potasiamu, 39, imerudi tena. Kumbe koo zote zimo katika mwendo mmoja.

Mwezi huo huo jedwali likachapwa na kupelekwa kwa wakemia. Hakuwa peke yake mwenye kufikiri hivi. Mjerumani Lothar Meyer alikuwa amefika karibu sana, na mwaka 1882 wote wawili walipewa nishani moja na Chama cha Kifalme cha London. Kilichomtofautisha Mrusi ni ujasiri wake, na ujasiri huo ulikuwa juu ya mizani.

Pale ambapo uzani uliopimwa haukupatana na ukoo, yeye alisema uzani umekosewa. Vitabu vilisema urani ni 120. Akasema hapana, hesabu ya fungu si sahihi, ni 240. Beriliamu walisema 14, akasema 9. Indiamu 76, akaipandisha karibu na 113. Na pale ambapo hakukuwa na elementi ya kufaa, hakuisogeza nyingine ili kuziba pengo. Aliacha nafasi wazi, kama mtu anayeacha kiti mezani kwa mgeni aliye njiani. Mwaka 1871 akathubutu kueleza wageni watatu kabla hawajaonekana: uzani wao, uzito wao kwa ujazo, hata namna watakavyoungana na oksijeni.

Wengi walimcheka. Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran akagundua metali mpya, akaiita galiamu. Alipopima, akaona kila sentimita ya ujazo ina gramu 4.7. Mendeleev, ambaye hajapata kuishika metali hiyo wala kuiona kwa macho, akaandika kutoka Urusi kwamba kipimo hicho hakiwezi kuwa sahihi. Iwe karibu na 5.9, tafadhali isafishwe ipimwe tena. Fikirini jeuri hiyo! Mfaransa akaisafisha, akapima tena, akapata 5.9. (Galiamu huyeyuka kwenye nyuzi karibu 30. Ungeitia mfukoni mchana wa Januari hapa kwetu, ungefika nyumbani na suruali iliyoharibika.) Mwaka 1879 skandiamu ikapatikana, na mwaka 1886 jemaniamu, ambayo Mendeleev aliitabiria uzani wa 72; ikaonekana ni 72 na sehemu kidogo. Baada ya hapo hawakucheka.

Na teluriamu ya mwanafunzi wangu? Hapo mizani ilisema teluriamu ni nzito kuliko iodini. Lakini iodini kwa tabia zake zote ni ndugu wa klorini na bromini. Mendeleev akafuata ukoo, akaitanguliza teluriamu, akasema uzani wake umepimwa vibaya, ukipimwa vizuri utashuka chini ya ule wa iodini. Watu wakapima tena na tena. Haukushuka. Alikufa akiamini kwamba siku moja utashuka.

Mambo mengine ya maisha yake nitayapita haraka. Ndoa yake ya kwanza haikuwa ya furaha. Akampenda binti mwingine, Anna Popova, akatoka katika ndoa ya kwanza, na husimuliwa kwamba Kanisa lao lilimtaka angoje miaka saba kabla ya kuoa tena; hakungoja, wakafunga ndoa mwaka 1882, na padre aliyewafungisha akavuliwa kazi. Sisifu jambo hilo. Mwaka 1887, siku ya kupatwa kwa jua, alipanda angani katika puto. Mvua ilikuwa imelilowesha, likashindwa kubeba watu wawili, naye akamshusha rubani, akaenda peke yake bila kujua kuliendesha, akatua salama. Alikata nywele mara moja kwa mwaka. Wapo wanaosema kwamba ndiye aliyeweka kipimo cha asilimia 40 katika pombe kali ya Warusi. Si kweli: kipimo hicho kiliwekwa mwaka 1843, naye alikuwa mtoto wa miaka tisa.

Mwaka 1890 wanafunzi wa chuo kikuu walifanya ghasia wakidai haki zao. Mendeleev aliwasihi watulie, akakubali kupeleka hati ya madai yao kwa waziri kwa mkono wake mwenyewe. Waziri akairudisha na maneno ya karipio, kwamba mtumishi wa serikali hana kazi ya kubeba hati za namna hiyo. Profesa mwenye sifa Ulaya nzima akajiuzulu. Alikuwa na miaka 56. Walimu wenzangu mnaosoma haya, sijui wangapi kati yetu tungefanya hivyo.

Serikali haikuthubutu kumwacha bure kabisa. Ilimpa kazi iliyoonekana ya kumtuliza mzee: atunze vipimo vya nchi, na mwaka 1893 ofisi hiyo ikawa Halmashauri Kuu ya Mizani na Vipimo, yeye akiwa mkuu wake. Waliodhani atalala walikosea. Urusi ilikuwa na ratili yake, na kipimo halisi cha ratili hiyo kilikuwa kimezeeka. Aliagiza vipimo vipya vitengenezwe, akajenga mizani nyepesi mno, akavilinganisha kwa miaka, mpaka ikaandikwa katika sheria kwamba ratili ya Kirusi ni kilo 0.40951241. Tarakimu nane! Kisha akafungua ofisi za kukagua mizani mikoani, ili mwenye duka la mbali apimwe kwa jiwe lile lile la mji mkuu. Sheria ya mwaka 1899 ikaruhusu kilo na meta zitumike nchini kwa hiari.

Bibi yangu mpaka kufa kwake alipima mchele kwa pishi na kibaba, na mzee wa duka aliyekuwa jirani yetu alitaja frasila hadi miaka ambayo hakuna aliyemwelewa. Kwa hiyo najua kwamba kubadili vipimo si kazi ya sheria peke yake. Leo mkaguzi wa Wakala wa Vipimo akibandika alama yake juu ya mizani, Kariakoo au Feri, anafanya kazi ile ile aliyoifanya Mendeleev katika uzee wake. Laiti angepita Jumamosi ile.

Lakini mzee alianza kubaki nyuma. Mwaka 1894 Waingereza walipogundua agoni, gesi isiyoungana na kitu, hakuwa na kiti chake mezani, akaitilia shaka. Baadaye alikubali ukoo mpya wa gesi hizo. Jambo la elektroni hakulipenda. Mwaka 1902 alitembelea maabara ya akina Curie mjini Paris, akaonyeshwa radiamu, na bado hakukubali kwamba atomi ya elementi moja inaweza kugeuka kuwa ya nyingine. Kwake yeye uzani wa atomi ulikuwa nguzo: elementi moja, uzani mmoja, tangu kuumbwa kwa dunia. Nguzo ikivunjika, nyumba itaanguka. Mwaka 1906 alikaribia kupewa Tuzo ya Nobel, ikaenda kwa Mfaransa Moissan. Tarehe 2 Februari 1907 akafariki, siku sita kabla ya kutimiza miaka 73. Katika mazishi wanafunzi walibeba jedwali lake kubwa mbele ya jeneza.

Sasa sikilizeni, maana hapa habari inakuja kwetu.

Wakati wa Wajerumani palikuwa na machimbo ya ulanga katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Ndani ya ulanga walikuta mawe meusi mazito, yamefunikwa na unga wa manjano. Yalikuwa madini ya urani. Mkemia wa Berlin, Willy Marckwald, aliyachunguza, na mwaka 1906 akatangaza kwamba ule unga wa manjano ni madini mapya, akayaita kwa jina la Rutherford, yule mwanasayansi wa mionzi. Madini yenye jina la Rutherford yalijulikana duniani kwa mara ya kwanza kutoka Uluguru.

Wakati huo huo Mwingereza Frederick Soddy alikuwa akifundisha jambo ambalo Mendeleev asingelikubali: kwamba urani huvunjika polepole, kwa mamilioni ya miaka, na mwisho wake huwa risasi, na kwamba risasi hiyo inaweza kuwa na tabia zote za risasi ya kawaida lakini uzani tofauti. Mwaka 1913 akaziita atomi za namna hiyo isotopu. Lilikuwa neno tu. Nani angelipima?

Ilitakiwa risasi iliyotokana na urani bila kuchanganyika na risasi nyingine, na mawe ya Morogoro yalikuwa safi sana kwa kazi hiyo. Yalifika Vienna, kwa Otto Hönigschmid na mwenzake Stefanie Horovitz, binti aliyezaliwa Warsaw. Walitoa risasi ndani ya mawe, wakaisafisha, wakaigeuza kuwa kloridi, wakaipima dhidi ya fedha, kwa uangalifu ambao mzee Mendeleev angeuheshimu. Risasi ya kawaida ina uzani wa 207.2. Risasi ya Morogoro ilikuwa 206.05. Hiyo ilikuwa kati ya mwaka 1914 na 1915, na vita vya kwanza vimekwisha kuanza. Soddy akapewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921. Bibi Horovitz, aliyekuwa Myahudi, aliuawa na Wanazi huko Treblinka mwaka 1942.

Na nyumba ya Mendeleev haikuanguka. Mwaka 1913 kijana Mwingereza, Henry Moseley, alipima mionzi ya elementi, akaonyesha kwamba kinachozipanga si uzani, bali ni namba ya atomi. Ukizipanga kwa namba hiyo, teluriamu ni 52, iodini ni 53, pale pale mzee alipoziweka. Uzani wa teluriamu ni mkubwa kwa sababu sehemu kubwa ya atomi zake ni isotopu nzito, hali iodini ina isotopu moja tu. Mizani haikukosea, na ukoo haukukosea. Mendeleev alipata mahali na akakosa sababu. Mwaka 1955 Wamarekani walipotengeneza elementi ya 101 waliipa jina lake. Mara ya kwanza zilikuwa atomi 17 tu, hata mizani yake isingeziona.

Nilipoyajua haya ya Morogoro nilikuwa nimekwisha kustaafu. Nilimtafuta mwanafunzi wangu. Ana duka la vipuri Kariakoo, ndevu zimeingia mvi. Nilimwamkia, nikasimama mbele ya kaunta yake kama mwanafunzi, nikamwomba radhi, nikamweleza jibu lote, tangu teluriamu mpaka Uluguru, na wateja wakasubiri. Alisikiliza kwa adabu sana. Kisha akaniambia kwamba swali lenyewe halikumbuki kabisa, akaniletea kiti na soda, akaniuliza hayo mawe meusi ya Morogoro yanauzwa kilo shilingi ngapi.